UZI: Maswali ya sayansi na teknolojia kwenye usaili wa mchujo wa Utumishi, namna ya kujiandaa

#1 Kibatari

Wakuu, salaam.

Kila mara Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ikiita watu kwenye usaili wa mchujo, zile PDF za "maswali 500 na majibu yake" zinaanza kuzunguka upya kwenye magrupu. Watu wanakesha wakikariri. Wakiingia chumbani wanakuta swali lile lile limegeuzwa upande, na jibu walilokariri limewekwa kati ya machaguo kama mtego. Naomba tuweke hapa namna ya kusoma ambayo haivunjiki swali likigeuzwa. Wenye ujuzi wa eneo fulani washushe nondo za eneo lao.

Naanza na mfano mmoja ili tuelewane. PDF inasema: "Maji huchemka kwa nyuzi 100." Mtu anakariri. Mtunga swali anauliza: kwa nini maharage huchelewa kuiva kambini juu ya Kilimanjaro? Aliyekariri 100 hana pa kushika.

Sasa fuata mnyororo wenyewe. Maji huchemka pale mgandamizo wa mvuke wake unapolingana na mgandamizo wa hewa iliyo juu yake. Ukipanda juu, hewa inapungua, kwa hiyo maji yanachemka mapema. Kadirio la kubeba kichwani: kila mita 300 za kupanda, kiwango cha kuchemka kinashuka kwa karibu nyuzi 1. Dodoma ipo kwenye mita 1,100 na ushee, hivyo maji yake huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kilele cha Kilimanjaro ni mita 5,895, gawa kwa 300 upate karibu 20, maji yatachemka kwenye nyuzi 80. Maharage yanaiva kwa joto, na wingi wa mapovu hausaidii. Maji ya nyuzi 80 hayana joto la kutosha, hata yatokote kutwa nzima.

Geuza mnyororo huo huo. Ukiongeza mgandamizo, kiwango cha kuchemka kinapanda. Ndiyo sababu jiko la presha hufika karibu nyuzi 120. Ndiyo sababu mashine ya mvuke ya hospitali hutakasa vifaa kwa nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi: kwa nyuzi 100 kuna mbegu za bakteria zinazobaki hai. Ndiyo sababu pia hufungui mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yaliyo ndani yamepita nyuzi 100 bila kuchemka kwa kuwa yamebanwa, ukifungua mgandamizo unaanguka na yote yanachemka kwa mara moja usoni pako.

Hapo una maswali matano kwa mnyororo mmoja. Minyororo ya namna hii ikifika 40 kwenye daftari lako, unaingia chumbani ukiwa umeshiba.

#2 FundiVolti

Mkuu Kibatari umeanza vizuri. Mimi nachukua umeme, maana ndiyo eneo ambalo hesabu ndogo humwangusha mtu anayejua kanuni zote.

Kariri vitu vitatu tu: nguvu kwa wati ni volti mara ampea, nishati ni nguvu mara muda, uniti moja ya LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) ni kilowati 1 kwa saa 1. Umeme wa majumbani kwetu ni volti 230, hezi 50.

Angalieni swali hili kwa karibu, kisha tupasue machaguo yake:

Birika la wati 2,000 linatumika dakika 15 kila siku. Kwa siku 30 litakula uniti ngapi?
A. 0.5  B. 15  C. 900  D. 15,000

Kilowati 2 mara robo saa ni uniti 0.5 kwa siku. Mara 30 ni uniti 15. Jibu ni B.

Sasa tazama yale mengine yalikotoka. A ni ya aliyesahau siku 30. C ni ya aliyezidisha 2 × 15 × 30 bila kugeuza dakika kuwa saa. D ni ya aliyeacha wati kama wati. Yaani kila chaguo baya ni kosa la mtu fulani lililopigiwa hesabu kabisa. Kuona jibu lako limo kwenye orodha hakuthibitishi chochote. Kabla ya kuweka tiki jiulize: vipimo vyangu vimegeuzwa? Dakika kuwa saa, gramu kuwa kilo, sentimita kuwa mita.

Birika hilo hilo linazaa swali la fyuzi. 2,000 gawa kwa 230 ni karibu ampea 8.7. Plagi zetu za pini tatu zina fyuzi za ampea 3, 5 au 13. Ya 3 na ya 5 ni ndogo mno kwa mkondo huo. Chagua 13, inayozidi kidogo mkondo wa kawaida. Mtu akiuliza kwa nini usiweke waya mnene badala ya fyuzi: hitilafu ikitokea, waya wa nyumba ndio utakaoungua, kwa sababu kitu kilichotakiwa kukatika kwanza hukukiweka.

Jingine linalorudi mara nyingi: kwa nini umeme husafirishwa kwa volti kubwa? Upotevu kwenye waya unategemea mkondo mara mkondo mara ukinzani. Ukipandisha volti mara 10, mkondo unaohitajika kwa nguvu ile ile unashuka mara 10, na upotevu unashuka mara 100. Ndiyo maana umeme wa Bwawa la Julius Nyerere unatoka kwa njia ya kilovolti 400 kwenda Chalinze. Transfoma ndiyo inayopandisha na kushusha, na inafanya kazi kwa mkondo geu pekee, kwa sababu inahitaji usumaku unaobadilika kila wakati. Betri ukiiunga kwenye transfoma hupati kitu upande wa pili, isipokuwa mshtuko mfupi wakati wa kuwasha na kuzima.

Na kwa kuwa nimetaja bwawa: mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Mtego wake ni kuchanganya megawati na megawati-saa. Megawati 2,115 ni uwezo. Mitambo yote ikizunguka saa 24 bila kupumzika, nishati inakuwa megawati-saa 50,760. Ukiona swali linauliza "nishati" na chaguo limeandikwa megawati tupu, lifute hapo hapo.

#3 HKL_Mgeni

Wakuu shukrani. Kwa mtu wa masomo ya sanaa, ambaye fizikia aliiacha kidato cha pili, aanzie wapi? Na je, asome kwa Kiswahili au Kiingereza?

#4 Kibatari

HKL_Mgeni, usianze na vitabu vya kidato cha tano. Maswali ya maarifa ya jumla hayapiti kidato cha nne, na mengi yanaishia kidato cha pili. Anza na Sayansi na Teknolojia ya darasa la tano hadi la saba. Viko kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Usivionee haya vitabu hivyo: mle ndimo mnyororo wa chakula, mashine rahisi, usagaji wa chakula na sakiti vimeelezwa kwa lugha unayoielewa bila kujikaza. Wiki ya kwanza na nusu imalize hapo. Kisha Fizikia, Kemia na Baiolojia ya kidato cha kwanza na cha pili, mada zilizo na mambo ya kila siku tu. Balansi za milinganyo ya kemia ziruke, faida yake kwenye mchujo ni ndogo.

Kuhusu lugha: pepa za kada nyingi zinazotaka diploma na shahada huandikwa kwa Kiingereza. Elewa kwa Kiswahili, halafu andika istilahi ya Kiingereza pembeni kwenye daftari. Chora mistari miwili upate safu tatu: jambo, mnyororo wake, istilahi. Ukisoma kwa Kiingereza pekee utakariri sentensi. Ukisoma kwa Kiswahili pekee utalielewa jambo halafu usilitambue kwenye pepa.

#5 NesiMkongwe

Ahsanteni ndugu zangu. Naleta mwili na magonjwa.

Kosa namba moja hapa ni kuchanganya kisababishi na msambazaji. Swali likisema "kisababishi cha malaria", mbu si jibu. Kisababishi ni kimelea cha Plasmodium, na mbu jike wa Anopheles ndiye msambazaji. Chora jedwali, na kila ugonjwa uujazie: nini kinasababisha, nani anasambaza, unaingia mwilini kwa njia ipi. Nawawekea machache yanayopendwa:

Dengue ni kirusi, husambazwa na mbu Aedes anayeuma zaidi mchana. Kutoka hapo unajibu swali la kwa nini chandarua cha usiku pekee hakitoshi kuikinga. Malale husababishwa na Trypanosoma na kusambazwa na mbung'o. Kichocho ni mnyoo. Konokono wa maji baridi ndiye mwenyeji wa kati, na mnyoo huingia kwa kupenya ngozi ukiwa ndani ya maji. Watu wengi hudhani kichocho hupatikana kwa kunywa maji, kwa hiyo chaguo la "kuchemsha maji ya kunywa" huwekwa makusudi. Trakoma ni bakteria. Kimeta ni bakteria. Kichaa cha mbwa ni kirusi. Kipindupindu ni bakteria aitwaye Vibrio cholerae. Marburg, iliyotokea Kagera mwaka 2023 na tena 2025, ni kirusi.

Ukishajua kipi ni kirusi na kipi ni bakteria, umejibu pia maswali yote ya antibayotiki: zinaua bakteria na hazigusi virusi. Kumeza antibayotiki kwa mafua ya kirusi hakutibu. Kunawapa tu bakteria waliomo mwilini nafasi ya kuzoea dawa, na ndiyo maana ya usugu wa vimelea.

Vitamini zisikaririwe kama wimbo. Zigawe kwanza: A, D, E na K huyeyuka kwenye mafuta na mwili huzihifadhi. C na za kundi B huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo hupotea ukichemsha mboga na kumwaga maji. Upungufu wa A huleta kutoona wakati wa giza hafifu, wa B1 beriberi, wa C kiseyeye, wa D matege, wa K damu kuchelewa kuganda. Kwa madini, upungufu wa madini joto (ayodini) huleta rovu, na wa chuma huleta upungufu wa damu.

Kimoja nataka tukitazame kwa undani, maana kinaonyesha tofauti ya kukariri na kuelewa. Maji ya chumvi na sukari kwa mwenye kuharisha: lita 1 ya maji safi na salama, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Swali la akili ni hili: sukari ni ya nini? Wengi huchagua "kumpa mgonjwa nguvu". Kazi yake kuu ni nyingine. Utumbo una milango inayopokea sodiamu na glukosi kwa pamoja. Sodiamu ikiingia, maji huifuata. Bila sukari chumvi nyingi hupita na maji hutoka nayo. Na sukari ikizidi, inavuta maji kutoka mwilini kuja kwenye utumbo, kuharisha kunazidi. Kwa hiyo "ongeza sukari ili mtoto apate nguvu zaidi" ni chaguo baya lenye sura nzuri.

#6 Karani_Takwimu

Nashusha kompyuta.

Sehemu kubwa ya alama hupotea kwenye biti na baiti. Baiti 1 ni biti 8. Kasi ya mtandao hutajwa kwa megabiti, ukubwa wa faili kwa megabaiti. Faili la megabaiti 60 kwa kasi ya megabiti 8 kwa sekunde: 60 × 8 ni megabiti 480, gawa kwa 8, sekunde 60. Aliyesahau kuzidisha atapata 7.5, na 7.5 hakika itakuwepo kati ya machaguo, kama alivyoeleza FundiVolti.

Namba za jozi (binary, za 0 na 1 tu): andika 32, 16, 8, 4, 2, 1 juu ya karatasi, halafu toa kwa kushuka. 45 ina 32, inabaki 13, haina 16, ina 8, inabaki 5, ina 4, inabaki 1, haina 2, ina 1. Jibu 101101. Hii inachukua sekunde 20 ukiizoea, na huhitaji kikokotoo.

Excel: usisome menyu zote. Soma SUM, AVERAGE, MAX, MIN, COUNT, COUNTIF, IF na alama ya dola. Alama ya dola ndiyo inayoulizwa sana. Seli C2 ina =B2*$E$1. Ukiinakili kwenda C3 inakuwa =B3*$E$1. B imesogea kwa sababu haina dola, E imegoma kwa sababu imefungwa pande zote mbili. Ikiandikwa E$1, mstari umefungwa na safu iko huru, kwa hiyo ukinakili kwenda kulia E itakuwa F. Nyingine: =COUNTIF(B2:B40,">=50") inahesabu waliofikia 50 na kuendelea. Ukisahau alama za nukuu programu inakataa. Na COUNT inahesabu seli zenye namba tu. Ukitaka kuhesabu majina, tumia COUNTA.

Usalama: https husimba mawasiliano kati yako na tovuti, haithibitishi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu. Tovuti ya matapeli nayo inaweza kuwa na kufuli. Uthibitishaji wa hatua mbili unataka vitu vya aina mbili tofauti, kwa mfano nywila unayoijua na simu uliyonayo. Nywila mbili si hatua mbili.

Akili unde (AI) imeanza kupata nafasi yake. Jua tofauti ya programu ya kawaida, ambayo mtu huiandikia kanuni, na mfumo unaojifunza kutokana na data. Jua pia kwamba mfumo wa kutunga maandishi unaweza kutoa jibu la uongo kwa lugha fasaha kabisa, kwa sababu umejifunza mpangilio wa maneno.

#7 Bahari_Hindi

Karani, kuna ubishi: kilobaiti 1 ni baiti 1,000 au 1,024? Kuna pepa zina hili, kuna pepa zina lile.

#8 Karani_Takwimu

Zote mbili zinatumika, mkuu. Kwa vipimo vya kimataifa, kilo ni 1,000. Kwa mazoea ya kompyuta, hasa kumbukumbu ya RAM, ni 1,024, yaani 2 iliyozidishwa yenyewe mara 10. Vitabu vya shule vinatumia 1,024. Kwenye pepa soma machaguo kwanza: ukiona 1,024 ipo na 1,000 ipo, na hakuna maelezo mengine, chagua 1,024. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya diski iliyouzwa kama gigabaiti 500 isomeke karibu 465 kwenye Windows. Watengenezaji wanahesabu kwa 1,000, Windows inagawa kwa 1,024. Hakuna kilichoibwa.

#9 FundiVolti

Naongeza gesi, maana majiko ya gesi yameingia kila mtaa na maswali yameyafuata.

Linganisha uzito wa molekuli ya gesi na wa hewa, ambao ni karibu 29. Methani ni 16, nyepesi, hupanda darini. Propani ni 44 na butani ni 58, nzito, hutuama sakafuni. Gesi ya mitungi ni propani na butani. Gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay sehemu kubwa ni methani. Kwa hiyo mtungi ukivuja, gesi inakaa chini na inahitaji njia ya kutokea iliyo usawa wa sakafu. Usiwashe wala usizime swichi, cheche moja inatosha. Funga valvu, fungua milango, toka nje.

Kaboni monoksaidi ya jiko la mkaa ni 28, karibu sawa na hewa, kwa hiyo inachanganyika chumba kizima. Haina harufu. Inashikana na hemoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo damu inaendelea kuzunguka lakini haibebi kitu. Swali likiuliza kwa nini mtu hufa usingizini na jiko la mkaa, "hewa ukaa" (kaboni dioksaidi) ni chaguo la mtego. Majina yanafanana, utendaji haufanani.

#10 Nyotamkia

Anga na mazingira ni zangu.

Wengi wanachanganya tundu la ozoni na ongezeko la joto. Ozoni huzuia mionzi ya urujuanimno, na iliharibiwa zaidi na gesi za majokofu ya zamani zenye klorini. Itifaki yake ni ya Montreal, 1987. Ongezeko la joto linatokana na gesi zinazozuia joto lisitoke, kama kaboni dioksaidi na methani. Itifaki ni ya Kyoto, 1997, na makubaliano ni ya Paris, 2015. Ukiona Montreal imewekwa pamoja na kaboni dioksaidi, pita mbali. Ongeza Minamata, 2013, ambao unahusu zebaki. Hapa kwetu unawagusa wachimbaji wadogo wa dhahabu moja kwa moja. Marufuku ya mifuko ya plastiki Tanzania ilianza 1 Juni 2019.

Setilaiti: inayoonekana imesimama juu ya sehemu moja ya dunia iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, kwa sababu kwenye umbali huo mzunguko wake unachukua muda ule ule dunia inaochukua kujizungusha. Ndiyo sababu dishi la televisheni hulielekezi upya kila saa. Mawimbi yakipanda na kushuka yanatembea zaidi ya kilomita 71,000. Gawa kwa 300,000 kwa sekunde, upate karibu robo sekunde ya kuchelewa. Setilaiti za chini, zilizo kilomita 550 hivi, hazina ucheleweshaji huo, lakini hazisimami mahali pamoja, kwa hiyo zinahitajika nyingi sana.

Kwa Afrika Mashariki msisahau hili: setilaiti ya kwanza duniani iliyorushwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Uhuru wa Kenya. Ndiyo maana iliitwa Uhuru. Taifa-1 ya Kenya ilirushwa Aprili 2023 kutoka California. Mtunga swali akiuliza mahali zilikorushwa, watu hubadilisha.

#11 Bahari_Hindi

Na ile ya Mpemba? Kwenye PDF imeandikwa "maji ya moto huganda haraka kuliko ya baridi".

#12 Nyotamkia

Ikiandikwa hivyo bila masharti si sahihi. Erasto Mpemba aliliona jambo hilo mwaka 1963 akiwa mwanafunzi wa Magamba, Tanga, wakati wa kutengeneza aiskrimu ya maziwa, na mwaka 1969 akachapisha na Denis Osborne. Kinachosemwa ni kwamba katika mazingira fulani maji ya moto yanaweza kuganda mapema kuliko ya baridi. Wanasayansi hawajakubaliana sababu, na wapo wanaosema matokeo hayarudiki kwa urahisi. Chaguo lenye "daima" au "lazima" liogope, hapa na kwenye sayansi yote kwa jumla.

#13 Kibatari

Nimeona hakuna aliyegusa taasisi, na hizo huja pamoja na sayansi. Mtego mkubwa ni TBS (Shirika la Viwango) na TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba). Mwaka 2019 kazi za chakula na vipodozi zilihama kutoka iliyokuwa TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa) kwenda TBS, na TFDA ikawa TMDA ya dawa na vifaa tiba. PDF za zamani bado zinasema chakula kiko TFDA. COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) ni sheria ya 1986, kuratibu na kushauri mambo ya sayansi na teknolojia. TAEC ni tume ya nguvu za atomiki na udhibiti wa mionzi. e-GA (Mamlaka ya Serikali Mtandao) ilianzishwa kwa Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022 na ilianza kutumika 1 Mei 2023. Miaka hiyo miwili hupangwa kama machaguo mawili, soma kama swali linataka "kutungwa" au "kuanza kutumika". Ununuzi wa umma uko kwenye mfumo wa NeST, na namba ya malipo ya Serikali inatoka kwenye mfumo wa GePG.

Muda: gawa mapema. Yakiwa maswali 50 kwa dakika 60, una sekunde 72 kwa kila moja. Ya hesabu yape alama na uyarudie. Soma maelekezo ya juu, na kama hakuna kukatwa alama kwa jibu baya, usiache hata moja wazi.

Zoezi la jioni, jibuni bila kutafuta mtandaoni:

1. Pasi ya wati 1,200, dakika 20 kwa siku, siku 30: uniti ngapi?
2. Faili la megabaiti 90, kasi megabiti 12 kwa sekunde: sekunde ngapi?
3. Umeona radi, sekunde 6 baadaye umesikia ngurumo. Ilipiga umbali gani?
4. Ipi hutuama sakafuni: methani, hidrojeni, butani, heliamu?
5. Nani msambazaji wa tauni kwa binadamu: panya, kiroboto, mbu, mbung'o?
6. Simu inapotafuta mahali ilipo kwa GPS, je, inatuma mawimbi kwenda kwenye setilaiti? Inahitaji setilaiti ngapi kwa uchache?

#14 HKL_Mgeni

Najaribu. 1: uniti 12. 2: sekunde 7.5. 3: kilomita 2 hivi. 4: butani. 5: panya. 6: inatuma, setilaiti 3.

#15 Kibatari

Ya 1, 3 na 4 umepata. Ya 2 umegawa 90 kwa 12 bila kugeuza baiti: 90 × 8 ni 720, gawa kwa 12 ni sekunde 60. Ya 5 rudi kwenye jedwali la NesiMkongwe: bakteria ndiye kisababishi, panya ni mwenyeji, kiroboto anayemuuma panya kisha binadamu ndiye msambazaji.

#16 Nyotamkia

Ya 6 naimalizia. Simu haitumi chochote kwenda kwenye setilaiti za GPS, inasikiliza tu. Kila setilaiti inatangaza saa yake na mahali ilipo, na simu inapima mawimbi yamechukua muda gani kufika. Kwa saa kamilifu, setilaiti 3 zingetosha kupata mahali. Lakini saa ya simu ni ya kawaida, na mwanga hutembea mita 300 kwa kila sehemu moja ya milioni ya sekunde, kwa hiyo kosa dogo hivyo la saa tayari limekuhamisha mtaa. Setilaiti ya 4 ndiyo inayosahihisha saa. Andika 4.